Kiti cha Boliti na Kiti cha Dhamana

Kaka yangu ana miaka arobaini na moja, na mpaka juzi hapa alikuwa hajawahi kuchagua kitu. Nasema hivyo kwa mapenzi, na kwa hasira pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimsubiri. Alipokuwa mdogo mama alimtuma sabuni ya kufulia. Alitoka asubuhi, akarudi jua linazama, mikono mitupu, na swali moja tu mdomoni: hizo nguo zina uchafu wa aina gani? Tangu siku ile nyumbani tukamwita Mizani. Jina likamganda, na hata wateja wa ofisini hulitumia wakidhani ni la ukoo.

Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Anaijua vizuri, hilo silipingi. Ubaya ni kwamba kazi yenyewe huanza kwa kuchagua. Kila tovuti hukaa juu ya mfumo unaoiendesha, ule unaomwezesha mwenye duka kuingia mwenyewe na kubadilisha bei au picha bila kumwita fundi. Mifumo hiyo iko ya namna mbili. Kuna mfumo huria: unauchukua bure, ndani uko wazi, yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha, lakini ukigoma ni wewe na wenzako mnaoutumia mtakaokuna vichwa. Na kuna mfumo wa kampuni: unaulipia, una namba ya kupiga ukikwama, lakini tumboni mwake hakuna anayegusa ila wao. Mteja akiuliza upi bora, Mizani alikuwa na jibu moja.

"Inategemea."

Mteja akikosea akauliza inategemea nini, alikabidhiwa kitabu. Kurasa arobaini, kaka yangu kaziandika mwenyewe, zina majedwali. Daktari mmoja wa meno alisoma mpaka ukurasa wa sita, akapiga simu kuuliza kama kuna ganzi.

Ndipo mwaka wa pili tangu tufungue ofisi Mizani akaja na viti. Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Kuna meza mbili, kabati moja na dirisha lisilofunga bila kusokomezwa kadibodi. Viti viwili vya ziada vilimaanisha kwamba mimi kufika mezani kwangu nilipita ubavu. Cha kwanza alikitengeneza mwenyewe kwa mbao na boliti, kila boliti inaonekana, na spana ikining'inia mguuni kwa kamba. Cha pili alikinunua dukani, cheusi, cha kuzunguka, chenye kadi ya dhamana na karatasi iliyobandikwa chini: UKIFUNGUA, DHAMANA IMEKUFA.

"Mteja akae kila kimoja nusu saa," akaniambia. "Atakachokipenda ndicho kitaniambia nimjengee kwenye mfumo upi."

"Na asipopenda chochote?"

"Inategemea."

Nilitaka kumpiga na kitabu. Lakini mambo yakaenda. Kinyozi alikaa, akapenda cha dhamana kwa sababu hana muda wa spana. Fundi wa friji alikaa, akakifungua cha boliti chote akakirudisha, akaondoka na furaha. Kila mmoja alipata tovuti nzuri inayomfaa. Halafu miezi minane ikapita bila mtu kupanda ngazi, isipokuwa waliokosea mlango wakitafuta miwani.

Sasa nimtaje baba. Baba ni seremala. Ana karakana, ana sifa, na ana magoti yaliyochoka. Mizani alipoacha randa akaenda kwenye kompyuta, baba hakugomba. Aliacha tu kuuliza habari za kazi. Miaka minne hakukanyaga ofisini kwetu. Mwanzo wa mwezi ule alituita sote wawili, akaweka ufunguo wa karakana juu ya meza.

"Mshika mbili moja humponyoka," akasema. "Wewe hata hizo mbili hujazishika, unazitazama tu. Mwisho wa mwezi ukiwa hujapata mteja wa maana, funga hiyo ofisi uje ushike randa. Mimi magoti yamenishinda."

"Na mimi?" nikauliza.

"Msasa wako upo pale pale ulipouacha."

Usiku ule sikulala, ila hayo hayamhusu mtu. Inatosha kusema kwamba mimi niliipenda ile meza yangu ya ofisini, na niliuchukia msasa tangu utotoni. Na Mizani, ambaye hapendi kusema anachopenda, nilimkuta kesho yake akifuta vumbi kwenye viti vyote viwili kwa kitambaa cha miwani yake.

Wiki ya pili wakaja walimu wastaafu. Chama chao kinataka tovuti: matangazo ya vikao, habari za mafao, taarifa za misiba. Wanachama mia sita. Ungetafuta mteja wa maana kwa tochi usingempata kuzidi huyo. Ilikuja kamati nzima, watu watano, wakaingia kwa mstari, mfupi mbele mrefu nyuma. Katibu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na tatu, alikuwa amekisoma chote kitabu cha Mizani tulichowatumia kabla. Alikirudisha kikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, na nje kaandika: 61. Jitahidi zaidi.

Mizani akaeleza utaratibu wa viti. Wateja wengine walipousikia kwa mara ya kwanza walicheka. Walimu hawakucheka. Walitoa kalamu.

"Mtihani wa vitendo," Katibu akasema. "Vizuri."

Mwenyekiti, kwa kuwa cheo chenyewe kinamruhusu, akakaa wa kwanza kwenye kile cha dhamana. Akaanza kutoa shukrani. Sasa kiti kile kilikuwa na ugonjwa tuliousahau, kwa kuwa hakuna aliyekikalia miezi minane: kinashuka. Hakianguki, kinashuka polepole kwa heshima. Mwenyekiti alianza hotuba akiwa ametuzidi sote, akafika kwenye "ndugu zangu" akiwa sawa na sisi, na alipomaliza kidevu chake kilikuwa usawa wa meza. Wajumbe hawakumkatiza, maana hawana tabia ya kumkatiza mtu anayehutubia.

Nikapiga ile namba ya kwenye kadi. Kinanda cha kunisubirisha kikalia, kisha sauti ikaniambia kiti changu ni muhimu sana kwao na fundi atafika ndani ya siku tisa za kazi. Nikamweleza Mwenyekiti. Akasema kutoka kule chini kwamba atasubiri kidogo.

Wakahamia cha boliti. Kilikuwa kinalia: kiih, kila ukipumua. Katibu akashika spana, akakaza boliti isiyohusika, kiti kikainama kushoto. Mjumbe wa pili akasema si hiyo. Wa tatu akasema wote wawili hawajui wanachofanya, na akawaonyesha kwa kidole. Baada ya robo saa kamati nzima ilikuwa imepiga magoti chini ya kiti, wanafundishana, wanapokezana spana, na bibi mmoja aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote ndiye aliyegundua kelele inatoka wapi. Akakaza mara mbili. Kukawa kimya. Walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Waliondoka na karatasi zao za alama, nakala wakatuachia. Kiti namba moja: 78, kinafundishika. Kiti namba mbili: 49, kina uwezo lakini kinashuka, mzazi aitwe.

Mizani alifurahi mpaka akanunua maandazi bila kulinganisha maduka. Zikiwa zimebaki siku sita mwezi uishe, barua ikafika, na mhuri. Niliifungua mimi. Nikaisoma, nikaisoma tena, nikaiweka mezani kwake.

"Kwa mujibu wa azimio namba nne, kamati imechagua kiti namba moja. Tunaomba viti ishirini na vinne vya aina hiyo, kila kimoja na spana yake, kabla ya mkutano mkuu."

Akampigia Katibu pale pale, na mimi nikasogea nisikie.

"Mwalimu, shikamoo. Mwalimu, kile kiti kilikuwa mfano."

"Marahaba. Mfano mzuri sana. Ndiyo maana tumeuchukua."

"Lakini mlikuja kwa ajili ya tovuti."

"Tulikuja, ndiyo. Lakini kilichojadiliwa ni viti, kilichopigiwa kura ni viti, na muhtasari nimeuandika kwa mkono wangu. Tovuti haimo."

"Haiwezi kuongezwa?"

"Kijana, muhtasari ukishapitishwa umepitishwa. Lete hoja mkutano mkuu wa mwakani."

Mizani akaweka simu. Alikaa kwenye kiti cha dhamana, bila kufikiri nadhani, na nikamtazama kaka yangu akishuka. Hakujaribu kujizuia. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu, na papo hapo nilitaka kumpigia kelele, kwamba angesema tangu mwanzo "chukueni mfumo huu" tusingefika hapa. Nikachukua barua nikaenda karakana, kwa sababu viti ishirini na vinne haviwezi kutengenezwa juu ya duka la miwani.

Baba aliisoma akiwa amesimama. Aliuliza jambo moja tu: hicho kiti kiko wapi akipime.

Hivyo ndivyo baba alivyokuja ofisini. Alipanda ngazi polepole, akipumzisha magoti kila baada ya hatua nne, mkono kwenye mbao ya ukingo. "Msasa haujapita hapa," akasema alipofika juu. Mizani akasimama. Hawakusalimiana vizuri. Baba akakibinua kiti cha boliti miguu juu.

"Nani kakufundisha kuunga mbao kwa boliti? Mimi nilikufundisha gundi."

"Gundi haifunguki, baba. Nilitaka mtu yeyote aweze kukifungua."

Baba akakisimamisha, akakikalia. Kikalia kiih. Akainamisha kichwa akisikiliza, akavuta spana kwa kamba yake, akakaza boliti moja, akakaa tena. Kimya. Kisha akahamia kile cheusi. Akashuka. Alipofika chini akainuka kwa shida, akakigeuza, akasoma ile karatasi midomo ikichezacheza.

"Kwa hiyo kiti ni changu, lakini tumbo lake ni la watu wengine."

"Ndiyo."

"Ila kina wa kumpigia simu."

"Ndiyo. Wapo wanaotaka hivyo, na wana sababu."

"Na hii ndiyo kazi yako? Kuwauliza watu wanataka kuishi na kipi, halafu unawajengea?"

"Ndiyo, baba. Ila ya kwenye kompyuta."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nilikupa kitabu."

"Kile kitabu kipo chini ya mguu wa meza ya randa," baba akasema. "Kimefaa sana. Sasa wewe mwenyewe, ungechagua kipi?"

Akautoa ufunguo wa karakana mfukoni akauweka juu ya meza yangu, na sote watatu tukauangalia. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tano. Nilimwona Mizani anafungua mdomo, na nikalijua neno linalokuja. Nimelisikia tangu siku ya sabuni. Nikajisemea moyoni, kaka, leo usiniambie inategemea, leo nitakutupa dirishani pamoja na kadibodi yake.

Akaufunga mdomo. Akavitazama viti, kimoja, kisha kingine.

"Cha boliti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kilipolia, bibi wa darasa la kwanza alikitengeneza. Kile kingine kikishuka, mtu anakaa tu anashuka nacho. Mimi nimeshashuka vya kutosha, baba."

Nililia. Sioni aibu kusema. Baba alikohoa, akautazama ufunguo wake kama vile kauona kwa mtu mwingine, akaurudisha mfukoni.

"Hivyo viti nitavipiga mimi. Nyinyi mje jioni kukaza boliti, magoti yangu hayafiki huko chini. Na huo msasa," akanitazama, "kwa jioni chache tu." Akavuta pumzi. "Nilikwambia utafute mteja wa maana. Haya, nimekuja. Karakana haina tovuti. Nitengenezee ile ya boliti."

Mizani akachukua fomu mpya. Akaandika jina la mteja. Kisha akaweka kalamu, akajikohoza, na mimi nikafumba macho kwa sababu namjua.

"Baba, kuna utaratibu. Mteja hukaa kila kiti nusu saa kwanza."

Baba akanigeukia mimi. "Huyu mtoto ni mzima?"

"Inategemea," nikasema.

Akakivuta kile cha dhamana akakaa. Nikatazama saa ya ukutani, nikaandika muda kwenye fomu.