Nilivuta pumzi kutibu trauma, kumbe nilikuwa navuta dawa ya mpunga

Wakuu, za Jumapili. Hili limenitokea mimi mwenyewe hapa Ifakara. Ningependa lingekuwa limemtokea jirani, maana ningelisimulia kwa raha zaidi.

Nina miaka arobaini na nane, digrii mbili, na ekari sita za mpunga upande wa Lupiro. Digrii na ekari hazijawahi kufahamiana.

Baada ya mavuno ya mwaka juzi nikaanza kubadilika. Mikono inatetemeka. Jasho linatoka bila sababu, ingawa kwa joto la Ifakara hilo ni gumu kulithibitisha. Kichwa kinauma kila nikiamka.

Hasira ndiyo usiseme. Asubuhi moja binti yetu Neema, wa darasa la pili, aliburuta kiti. Nikarusha kikombe cha chai ukutani. Tangu siku hiyo mtoto akawa anatembea ndani kwa ncha za vidole.

Msomi haendi hospitali mapema, kwanza anasoma. Nikasoma intaneti wiki tatu, nikahitimisha kwamba nina trauma ya utotoni, jeraha la nafsi lililojificha mwilini.

Ushahidi ulikuwepo. Nilipokuwa na miaka tisa, mafuriko yalibeba mpunga wetu wote kwenye dungu, kile kibanda cha shambani, ng'ambo ya mto. Baba alienda kuangalia, akarudi, akanawa miguu. Mwaka ule mchana tulikula maembe mabichi kwa chumvi.

Tiba niliyoipata kwenye video: jifungie chumbani, kaa sakafuni, vuta pumzi ndefu kwa pua, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni.

Nikawa mwanafunzi bora. Ila kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kutetemeka. Video ilisema hiyo ni dalili kwamba trauma inatoka. Nikaongeza dakika.

Mke wangu naye akaanza kulalamikia kichwa, chake na cha mtoto. Nikamweleza, kwa ule upole wa kisomi unaoudhi, kwamba hajashughulikia maumivu yake ya utotoni. Siku ya tatu akafungasha nguo, akamchukua Neema, wakaenda kwa mama yake, kijijini Sanje.

Wiki moja baadaye akapiga simu. Vichwa vyao vimepona, cha kwake na cha mtoto.

"Baba Neema, nenda hospitali. Usipoenda, mtoto namtafutia shule hukuhuku."

Nikaenda.

Tabibu alikuwa binti mdogo. Akanipa shikamoo, nikaitikia huku natetemeka, kisha nikamhutubia kuhusu trauma kama robo saa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, unalala wapi?"

"Kitandani."

"Na hicho kitanda kimezungukwa na nini?"

Wakuu wa bonde hili mmeshajua. Wengi wetu hulala na mpunga chumbani kwa kuogopa wezi. Magunia yangu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, yote yamenyunyiziwa dawa ya wadudu. Kibandiko kilielekeza kipimo. Mimi, mtu wa digrii mbili, niliweka mara mbili.

Chupa ya dawa ya kupulizia shambani ilikuwa uvunguni, kizibo kimelegea. Na ubavuni mwa kitanda hichohicho ndipo nilipokuwa nakaa kuvuta pumzi.

Binti hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema sumu za namna ile zinagusa mishipa ya fahamu, na wasiwasi na hasira vinaweza kutokea huko. Hawezi kuapa kwamba ni sumu peke yake. Nitoe kila kitu, nilale kwingine, nirudi anione.

Wakati anaandika akauliza kama sina stoo.

Stoo ninayo. Ina kufuli. Sijawahi kuibiwa hata debe moja. Ila tangu mwaka ule wa maembe, usingizi hauniingii mpaka mkono wangu uguse gunia.

Kumbe trauma ilikuwepo kweli. Ndiyo iliyoibeba ile sumu ikailaza pembeni yangu.

Magunia yalihamia stoo. Baada ya wiki kadhaa mikono ilitulia, kichwa kikapona. Kilichobaki ni woga: kila alfajiri nilikuwa naenda kushika kufuli. Hilo naliongea na mshauri pale hospitali, mara moja kwa mwezi, na tunapumua kawaida tu.

Mama Neema alirudi. Kabla hajaingiza begi, alisimama mlangoni pa chumba akanusa. Neema alirudi naye, ila alichukua muda zaidi kuacha kutembea kwa ncha za vidole.

Nililojifunza ni hili: kabla hujaichunguza nafsi yako, chungulia uvunguni. Ukishasafisha uvungu, rudi kwenye nafsi, maana kuna kitu kiliweka ile chupa pale.

Juzi Neema aliburuta kiti sebuleni. Nikatulia. Akaniangalia, kisha akakirudisha kilikotoka, akakiburuta tena, taratibu, kwa kelele zote.

Haya wakuu, nani mwingine analala na magunia? Jitokezeni, nimeahidi nyumbani kwamba sitamhutubia mtu.