Sufuria Iliyosema Yuko

Taarifa ya kifo chake ilinikuta dukani, hapa Al Thumama, Uarabuni, nimeshika pakiti ya kamande, zile dengu ndogo nyekundu ziivazo upesi, nikisoma maandishi ya nyuma kwa ajili yenu wasomaji wa safu yangu ya mapishi. Simu ililia. Aliyepiga ni dereva mmoja kutoka Uganda, mtu ambaye kila tukizungumza huanza kwa kunitania kuhusu kitambi changu. Siku hiyo hakunitania. “Mzee, yule mtu wetu amekufa,” alisema. “Amekufa huko juu ya nyumba, na sisi tulikuwa chini tunakula.” Niliirudisha pakiti kwenye rafu isiyo yake, nikatoka nje kwenye joto, nikasimama penye maegesho nikitazama matumbo ya ndege zinazoshuka uwanjani. Marehemu alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Taita, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi. Tulijuana kanisani, ambako sote wawili tuliimba besi, yeye kwa ufundi na mimi kwa matumaini. Sitadai tulikuwa chanda na pete. Tulikuwa watu wa kujuliana hali na kula pamoja mara moja moja, na katika mji huu huo tayari ni undugu.

Wengi wenu mmekuwa mkiniandikia, manesi, madereva, watu wa hoteli, mkiuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: mtu akirudi amechoka hoi, ale nini kisicho mafuta matupu, na kisichomweka jikoni mpaka usingizi umpate amesimama? Nilikuwa nimepanga kuwajibu kwa kumtumia marehemu kama mfano. Kliniki ilikuwa imemwambia kwamba sukari yake imepanda, na kwamba kuku wa kukaanga na chai ya karak yenye maziwa mazito vitammaliza kabla ya mkataba wake kwisha. Wengine wakiambiwa hivyo hulia. Yeye alinunua sufuria ya umeme pamoja na soketi yenye saa, ile ya kuchomeka ukutani ambayo huwasha umeme na kuuzima kwa wakati uliopangiwa. Asubuhi kabla ya basi la kampuni aliosha kamande, akazitia pamoja na mchele wa kahawia kidogo, nyanya, kitunguu, tangawizi, bizari nyembamba na mchicha wa pakiti kutoka kwenye friza, akamwaga maji, akabonyeza kitufe, akaenda zake. Nyama na samaki hakuvilaza humo mchana kutwa. “Mimi natafuta afya,” aliniambia, “sitafuti kipindupindu.” Jioni umeme ulijiwasha wenyewe, na alipofungua mlango chakula kilikuwa kimeiva kinamngoja. Kazi yake ilibaki kukamulia ndimu na kukata tango. Mkewe kule nyumbani aliiita sufuria hiyo mke mwenza, na kila jioni alidai kutumiwa picha ya sahani ili ajue kama mwenzake huyo anamlisha mume vizuri. Sukari ilishuka, suruali zikaanza kutaka mshipi, na chumba kizima kikaacha kula vya kununua.

Nami nilialikwa nikaonje, na ziara hiyo ndiyo inayonirudia sasa nikiwa nimekaa peke yangu. Walikuwa watu watatu katika chumba kimoja cha nyumba kubwa iliyogawanywagawanywa: yeye, yule dereva, na mtu wa Mombasa anayehudumu hotelini. Kila kitanda kilizungushiwa pazia, kama ilivyo desturi ya vyumba vya kushirikiana hapa, maana pazia ndiyo nyumba pekee mtu anayobaki nayo. Dereva alinifungulia mlango, akasema, “Karibu, mzee, yuko,” kisha akateremka kuhamisha gari lake. Nikaingia. Sufuria ilikuwa ikitoa mvuke pembeni, bizari imejaa chumba kizima, taa ndogo ya njano inawaka, na hapakuwa na mtu. Nilibisha hodi kwenye pazia la kitanda chake kama mwehu. Kimya. Nikabisha tena, na safari hii nywele za shingoni zikanisimama, kwa sababu kila kitu chumbani kilisema pana mtu aliyeinuka hivi punde, na masikio yangu yalisema hapana. Yeye aliingia baadaye kabisa, sare imemgandama kwa jasho, akaniuliza kama mke mwenza amenikaribisha. Tulikula, tukacheka. Nilipomwuliza dereva kwa nini aliniambia mtu yuko ilhali hayuko, alinishangaa. “Si chakula kiko? Kama chakula kiko, na yeye yuko.” Wala hakuwa mjinga kusema hivyo. Sote tumelelewa na msemo kwamba pafukapo moshi pana moto, na hakuna aliyetufunza kuuliza kama penye moto pana mtu.

Siku ya kifo chake alirudi na basi la mapema. Aliwaambia walinzi wenzake njiani kwamba kichwa kinamgonga. Hakuingia chumbani. Alipanda moja kwa moja hadi juu ya paa, wanakoanika nguo, akaanue sare zake, na huko akaanguka kati ya kamba. Chini yake saa ikafika, umeme ukajiwasha, kamande zikaanza kuchemka. Mtu wa Mombasa aliingia akakuta harufu tamu na pazia la mwenzake limefungwa. Akasikia maji bafuni, akajua anaoga. Dereva akaja, akauliza, akaambiwa anaoga. Wakapakua, wakamwekea sahani yake na kuifunika na nyingine, wakala. Wawili hao walikula chakula cha mtu ambaye maiti yake ilikuwa juu ya dari lao. Na walipokuwa wakila, simu ya dereva iliita. Alikuwa mke wa marehemu, ambaye hakuwa amepata picha ya sahani wala jibu. “Baba yuko?” aliuliza. Dereva, mdomo umejaa, alimjibu kwa moyo mweupe: “Yuko, mama. Anaoga. Chakula kiko tayari.” Mama wa watu akashukuru, akalala. Dereva akatoka kwenda kumchukua abiria, mwenzake akafunga pazia lake apumzike. Alfajiri mtu wa Mombasa alipoinuka kuswali aliiona sahani bado imefunikwa, na hapo ndipo alipofunua pazia la mwenzake akakuta shuka zimetandikwa na mto haujalaliwa. Wakamtafuta. Mnajua walikomkuta.

Hayo peke yake yangetosha kumkosesha mtu usingizi, lakini yalikuja mengine. Daktari aliyempima alisema moyo ndio uliosimama, na kwamba alikuwa ameshakata roho kabla ya magharibi. Habari hiyo ikafika Taita, kwenye matanga, ambako mjane alikuwa amekwisha kuwasimulia watu jinsi mumewe alivyokuwa mzima akioga jioni ile, magharibi imepita, hadi chakula kimeandaliwa. Ndugu wakaweka maneno mawili hayo pamoja. Kama alikufa kabla ya magharibi, aliyekuwa akioga ni nani? Shangazi mmoja akasema roho yake haijui kwamba imekufa, imebaki Uarabuni inaendelea na shughuli zake, na itafuata mwili ukirudishwa. Watoto wakaogopa kwenda bafuni. Mwisho wakaamua kwamba jeneza likifika lisiingie nyumbani. Lipite moja kwa moja hadi kaburini. Mjane hakutaka. Mtu aliyeijenga nyumba ile tofali kwa tofali akiwa mbali, alisema, hawezi kupitishwa mlangoni pake kama muuza mitumba. Lakini naye aliogopa, na aliyekuwa na neno la kumtoa hofu alikuwa mmoja tu, yule aliyemwambia “yuko.” Alimpigia tena na tena. Dereva hakushika simu. Badala yake dereva alinipigia mimi.

Nilikwenda chumbani kwao jioni moja kabla jua halijazama. Pazia la marehemu lilikuwa limefungwa bado. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulifungua wala wa kulishusha. Mimi si mtu wa mizimu, na wanaonisoma wanajua nilivyowahi kuwakejeli wauza hirizi hadi nikatukanwa. Kwa hiyo niliwauliza kama askari. Nani alimwona? Dereva akasema yeye aliambiwa anaoga. Nikamgeukia mwingine. “Nlisikia maji,” akasema. “Wallahi ndugu yangu, maji nliyasikia.” Nikamwambia labda ni ya majirani. Akatikisa kichwa. Bafu lile ni la chumba chao peke yao, ukuta wa pili ni wa nje. Hata leo sijui yalikuwa maji gani. Mara pembeni pakalia tak. Taa ya njano ikawaka. Sufuria ilikuwa tupu, imeoshwa, kifuniko juu yake, nayo ikaanza kupasha joto hewa yake kwa utiifu ule ule. Mtu wa Mombasa akasoma audhubillahi. Mimi, mkejeli wa hirizi, nilijikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Dereva ndiye aliyetangulia kuelewa. Hakuna aliyeikumbuka ile soketi. Saa yake ilikuwa ikiendelea kuwasha na kuzima jioni baada ya jioni, na tangu msiba hakuna aliyekuwa chumbani wakati huo. Akaenda akaing’oa ukutani, akaishika mkononi, na machozi yakamtoka. “Umeona? Ni hii ilisema yuko. Mimi nilirudia tu.” Kisha akasema, “Khalas, yameisha. Mpigie mama.”

Nilipiga mimi, nikaweka sauti wote wasikie. Mjane alinisalimu kwa adabu yake yote, hata katika msiba. “Shemeji, mimi sitaki kugombana na mtu,” alisema. “Nataka kujua kitu kimoja. Yule mtu alikuwa anaoga, mlimwona?” Dereva akasogea karibu na simu. “Mama, ni mimi. Mimi sikumwona. Hata sauti yake sikusikia. Niliona chakula. Chakula kilikuwa moto, nikasema yuko. Nisamehe, mama.” Upande wa pili palikuwa na sauti za wanawake wakiimba, zikafifia, nikajua ametoka nje. “Na yule wa Mombasa?” Nilimtazama mtu wa Mombasa. Niliomba kimoyomoyo aseme uongo mdogo, na ninafurahi hakunisikiliza. “Mamangu, mimi nilisikia maji,” akasema. “Lakini sikubisha mlango. Sikumwita. Siwezi kukwambia ni yeye, siwezi kukwambia si yeye. Sikwenda kutazama.”

Mjane akasema, polepole, “Kwa hivyo hakuna mtu aliona kitu. Si yeye, si roho yake.” Nikamwambia ndivyo. “Basi ataingia kwake. Maji ni maji, nitawaambia. Atalala sebuleni kwake na tutamwimbia mpaka asubuhi.” Nilimshukuru Mungu, nikaanza kumpa maneno ya faraja, yale tunayoyajua sote. Akanikatiza. “Shemeji, lakini afadhali ingekuwa ni pepo. Ningeambiwa walimwona pepo, ningejua jioni hiyo kuna mtu mmoja alimtafuta kwa macho.” Akakata simu. Dereva alikaa chini palepale sakafuni. Nililia mbele ya watu wale bila aibu.

Nimeyafikiria maneno hayo mchana na jioni. Sitawaambia mtupe sufuria zenu. Zile kamande zilimpa ndugu yetu miezi ya afya aliyokuwa hana, na mkitaka chakula cha jioni cha haraka kisichodhuru mwili, sijui kilicho bora. Kapikeni hivyo hivyo nilivyoeleza hapo juu. Ila kuna kazi moja ndani ya upishi ambayo hatukuiona tulipokuwa tukiupunguza. Aliyesimama jikoni alipokoroga chungu alikuwa pia akihesabu midomo. Alijua nani amerudi na nani hajarudi, alichungulia dirishani, aliwatuma watu wakamwangalie fulani. Kazi hiyo haikuwa na jina, kwa hiyo tulipoikabidhi mashine hakuna aliyekumbuka kuuliza nani ataifanya sasa. Mashine inajua saa. Haijui watu. Itakupikia nawe uko hai, itakupikia nawe umelala kwenye joto la paa, na harufu yake itawatoa wasiwasi wale wale ambao wasiwasi wao ndio uliokuwa ulinzi wako. Tunaishi watatu, wanne, wanane katika chumba kimoja, pazia kwa pazia, na tunaweza kupishana wiki nzima tukijulishana kwa ishara tu: viatu mlangoni, simu kwenye chaji, chakula moto. Nawasihi kitu kidogo kisichowapunguzia usingizi. Jioni, kabla hamjafunua kifuniko, mwiteni kila mmoja kwa jina lake, kwa sauti, na mngojeni aitikie. Na asiyeitikia, acheni chakula kipoe, mwende mkamtafute.