Gorata na Dawa ya Shangazi

Gorata Seleka alianza kuota chunusi akiwa na miaka ishirini na saba, umri ambao wenzake walikuwa wameshaziaga zamani. Alipokuwa msichana wa shule uso wake ulikuwa laini kama yai. Kisha, bila kumkosea mtu, zikaanza kumtoka kidevuni na kandokando ya taya: kubwa, zenye kuuma, za ndani kwa ndani, zile ambazo hata kutumbuka hazitumbuki. Zilikuja kila mwezi kabla ya siku zake, na kabla hazijapoa, mwezi mwingine ulikuwa umeshaingia.

Kazi yake ilikuwa kupamba wafu. Tulifanya kazi kwa Rra Phetlhu, yaani Bwana Phetlhu, mwenye nyumba ya mazishi hapa Kanye, Botswana. Mimi naendesha gari la maiti; yeye anaosha, anavisha, anapaka poda. Alikuwa na mkono. Kikongwe aliyeishi amekunja uso mpaka kufa, Gorata akimalizana naye anaonekana kama mtu aliyeletewa habari za kuridhisha. Ijumaa jioni ndugu wanapokuja kumchukua mtu wao alale nyumbani mara ya mwisho, wanafunua jeneza, wanatikisa vichwa, wanasema, "Amependeza kuliko alipokuwa hai." Kisha wanamgeukia Gorata kumshukuru, na macho yao yanaishia kidevuni mwake.

Rra Phetlhu alivumilia kwa muda, halafu akamwita ofisini. Mlango hakuufunga, kwa hiyo nilisikia.

"Mwanangu, mimi sina neno na wewe," alisema. "Ila wateja."

"Wateja wamesemaje, Rra?"

"Wameomba uvae barakoa."

"Wote?"

"Mmoja. Lakini alikuwa akisema kwa niaba ya ukoo."

Gorata akavaa barakoa. Barakoa ikambana taya, jasho likatuama chini yake, na chunusi zikaongezeka.

Mji mzima ulikuwa na maelezo. Wengine walisema ni hewa ya maiti. Wengine walisema ni karanga. Shangazi yake, Mma Dikgang, dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, na yeye alikuwa na maelezo yake mwenyewe.

"Ni damu inachemka," alimwambia mbele yangu, siku niliyokwenda kwao kula nyama ya kupondwa. "Mwanamke asiye na mume damu yake inachemka kama sufuria lisilo na mfuniko."

"Shangazi, mwalimu Sebina ana mume na ana chunusi."

"Mume wake anasafiri sana."

Gorata alijaribu sabuni nyeusi, dawa ya meno, na maji ya mizizi aliyochemshiwa na jirani. Alinunua sokoni krimu ya kwenye kopo lisilo na jina, na kwa majuma machache uso ukang'aa hata Rra Phetlhu akamwambia avue barakoa. Alipoiacha ile krimu, uso ulimvimba na kuwaka moto, akarudi kwenye barakoa mwenyewe bila kuambiwa. Muuguzi wa zahanati akampa vidonge vya kuua vijidudu. Vilimsaidia kwa muda aliokuwa akivimeza, basi. Mwisho muuguzi akakaa chini, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: zinatoka wakati gani wa mwezi? Aliposikia jibu, akamwandikia aende kwa daktari wa ngozi Gaborone.

Siku hiyo mimi nilikuwa nakwenda Gaborone kuchukua majeneza. Nikamwambia apande. Njia nzima alishika mkoba magotini. Nilipoingiza gari la maiti uani kwa daktari, wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakasimama na kuvua kofia. Gorata akashuka, akawaamkia, akajiunga na foleni. Mzee mmoja akampisha apite mbele yake. Wengine nao wakafuata mfano wa yule mzee.

Kilichotokea ndani alinisimulia tukiwa njiani kurudi, majeneza yakigongana nyuma yetu. Daktari alikuwa mwanamke mnene, Daktari Kelapile, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nimeambiwa umekuja na gari la maiti. Hali si mbaya kiasi hicho."

Gorata hakuwa amecheka siku nyingi. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akavua barakoa.

Daktari alimkagua taya, shingo na mgongo. Akamuuliza kama siku zake zinaruka, kama ana ndevu zinazochipua, kama anavuta sigara, kama anapata kipandauso, kama damu imewahi kumganda mguuni yeye au ndugu zake. Akampima presha, akamtoa damu. Kisha akamweleza kwamba si uchafu, si karanga, wala si wafu. Kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni za kiume, na tezi za mafuta za Gorata, hasa zile za kidevuni, zilikuwa zinazisikiliza homoni hizo kupita kiasi. Sabuni haiwezi kwenda kuzungumza na homoni.

Akampa dawa mbili. Ya kwanza vidonge vya majira, vilevile wanavyomeza wanawake wanaopanga uzazi. Ya pili kidonge cha kutoa maji mwilini, ambacho wengi hupewa kwa sababu ya moyo au presha, lakini pia huziba masikio ya zile tezi.

"Utakojoa sana," alisema daktari. "Ukisimama ghafla unaweza kuona kizunguzungu. Na hii ya pili usishike mimba ukiwa unaimeza, inaweza kumharibu mtoto, hasa akiwa wa kiume. Usitegemee kitu miezi mitatu ya mwanzo. Wengi hukata tamaa wa pili."

Yeye alikata tamaa wa kwanza, lakini akaendelea kumeza. Kazini alikuwa anakwenda chooni kiasi kwamba Rra Phetlhu aliniuliza kama Gorata ana huzuni, anakwenda kulia huko. Mwezi wa pili hakuna kilichobadilika. Wa nne, mwezi ukaingia na kutoka, kidevu kikabaki na makovu tu. Hakumwambia mtu. Alianza tu kuiacha barakoa mfukoni, kisha akaiacha nyumbani.

Shangazi ndiye aliyezigundua zile dawa, na alizigundua kwa njia yake. Alikuwa akifagia chumba cha Gorata bila kuombwa, akafungua droo ambayo haikuwa na vumbi. Mma Dikgang moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilikuwa inamvimba, na zahanati ilimpa vidonge. Ndani ya droo akaona vidonge vyake mwenyewe.

Gorata aliporudi alimkuta ameketi kitandani, kopo liko mapajani.

"Nilidhani unaniibia," alisema shangazi. "Nimekwenda kutazama vyangu. Vimo vyote."

"Shangazi."

"Kwa hiyo una moyo mbovu na hukuniambia. Baba yako naye hakuniambia. Nilimwona anavimba, akasema ni viatu."

Na yule mama, ambaye mji mzima haukuwahi kuona chozi lake hata kwenye misiba, akalia. Gorata akapiga magoti, akamweleza yote: daktari, tezi, homoni. Ilichukua muda, maana shangazi alikuwa akikatiza.

"Daktari gani anatibu uso kwa dawa ya miguu?"

"Ni dawa moja, kazi mbili. Kwako inatoa maji. Kwangu inazuia mafuta."

Shangazi akafuta macho, akachukua kioo cha ukutani, akajitazama upande mmoja na upande wa pili.

"Ndiyo maana watu wanasema sizeeki," alisema. Kisha akaonyesha droo. "Na hizi nyingine?"

"Hizo nazo za uso."

"Gorata. Mimi ni mzee. Mjinga siyo."

Tatizo ni kwamba safari hii alikuwa na haki ya kushuku, kwa sababu Moagi alikuwepo. Moagi alikuwa mchonga mawe ya makaburi, mtu wa maneno machache mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Kwa miaka alikuwa akija kwetu kuuliza majina ya marehemu yanavyoandikwa, hata majina ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyaandika bila shida. Sasa alikuwa amewatuma wajomba zake waje kuzungumza habari ya mahari.

Walikuja asubuhi, wamevaa makoti, wakaketi kwenye viti walivyowekewa. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka kwenye ng'ombe, na hata kwenye ng'ombe yalikwenda vizuri. Kisha mjomba mkubwa wa Moagi akauliza, kama inavyoulizwa, kama kuna jambo lolote kuhusu binti ambalo wao wangepaswa kulijua. Jibu la swali hilo ni "hapana". Ndivyo linavyojibiwa tangu enzi. Lakini Mma Dikgang alikuwa muumini sana, na jambo lile lilikuwa limemkaa kifuani.

"Anameza vidonge vya majira," alisema. "Kwa ajili ya uso."

Wanaume wote walitazama chai yao.

"Uso wa nani?" akauliza mjomba mkubwa.

"Wake."

"Sisi tunasikia wanaomeza hivyo hawataki mtoto."

"Huyu anataka. Ni uso ndio haukutaka."

Wageni wakashukuru kwa chai, wakasema wanakwenda kushauriana. Wiki iliyofuata hawakuja, na iliyofuata hivyo hivyo. Habari ilikuwa imefika kwa mama yake Moagi, ambaye alikuwa na mtoto mmoja tu na alishafuma kofia ya mjukuu.

Moagi mwenyewe ndiye aliyekuja, kazini, mchana. Mimi nilikuwa naosha gari. Gorata alitoka nje, glavu bado mkononi.

"Mama anasema kama ni uso tu, uache," alisema Moagi.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekuja kuuliza, sijaja kusema."

Gorata akamweleza bila kupamba. Kwamba dawa ile na mimba havikai nyumba moja. Kwamba akiiacha, zinaweza kurudi zote. "Umenichumbia nikiwa na uso huu," alisema. "Huu ni wa dawa. Ule mwingine ndio wangu."

Moagi alifikiri. Ni mtu anayefikiri kwa kasi ya jiwe.

"Nilianza kuja hapa kabla ya dawa," alisema. "Nilidhani ndivyo ulivyo. Sikuona tatizo."

"Nilikuwa na barakoa."

"Hata kabla ya barakoa."

Gorata akaniambia baadaye kwamba jibu lile lilimkasirisha. Miaka yote ile alikuwa akipigana na uso wake, kumbe palikuwa na mtu aliyeutazama asione vita. Alikwenda ndani akamaliza kazi, na hakumpa Moagi jibu siku ile. Alitaka kwanza ajijue: anaacha kwa sababu anataka mtoto, au kwa sababu watu wamekunywa chai yao kimya? Aliniambia tukiwa garini tena kuelekea Gaborone kwamba mtoto alimtaka tangu zamani. Ila alikuwa ameupata uso juzi tu, na alikuwa bado hajauzoea. Mwanamume wa umri wangu hushauriwa habari za magurudumu.

Daktari Kelapile hakumsukuma upande wowote. Alimwambia aiache kwanza ile ya kutoa maji huku akiendelea na ya majira, apumzike kidogo, kisha aache zote akiwa tayari. Akamwandikia krimu ambayo haina neno na mimba.

"Zitarudi?" aliuliza Gorata.

"Pengine. Mtoto akishaacha kunyonya, rudi. Dawa haiozi."

Alimwambia Moagi kwamba mtoto anamtaka yeye mwenyewe, akaacha dawa zote. Chunusi zilirudi. Zilimkuta karibu na arusi, kidevuni palepale, kana kwamba zilikuwa zimeacha mizigo. Rra Phetlhu akamwita tena ofisini na kuanza, "Mwanangu, mimi sina neno."

"Barakoa sivai, Rra," alisema Gorata. "Mteja asiyetaka kunitazama mimi amtazame marehemu. Ndiye aliyemfuata hapa."

Rra Phetlhu akasema basi, alikuwa anataka kuuliza habari za poda.

Wajomba walirudi, ng'ombe wakaja, wakaoana. Siku ya arusi mpiga picha alimwambia anaweza kumfutia zile alama kwenye picha zote. Mma Dikgang ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda:

"Ukifuta, watu watauliza Moagi kaoa nani."

Mtoto ni wa kiume, anaitwa Tefo. Wakati wa mimba chunusi zilikuwa mbaya mwanzoni, katikati zikanyamaza zenyewe, hakuna aliyejua kwa nini, hata daktari. Alinyonyesha mpaka mtoto akawa anakimbia. Kisha asubuhi moja aliniomba nafasi ndani ya gari, nikajua tunakokwenda.

Sasa anameza tena zote mbili. Mama mkwe wake humuuliza wa pili anakuja lini, na Gorata humjibu kwamba wa pili anasubiri uso upumzike. Mwanzoni yule mama alinuna. Siku hizi anamshika kidevu, anakigeuza kwenye mwanga, anasema, "Bado kidogo," kisha anamwomba mjukuu apelekwe kwake Jumamosi, kwa sababu Jumamosi sisi tuna mazishi.