Mkebe wa Moli Moja

Miaka ile miwa ilipoutajirisha mji wetu wa Ekero, nilipata kazi ya maabara kiwandani, nikajiona mkemia kamili. Mkuu wetu, Mama Nekesa, alinieleza kwamba moli ni idadi ya chembe, kama vile dazeni. Nikamjibu, "Hiyo ni rahisi!" Nikapima moli moja ya chumvi, nikaimimina kwenye mkebe ukajaa pomoni, nikauandika: MOLI 1. Tangu siku hiyo hata sukari nilikuwa naichota kwa mkebe huohuo, kama gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi sokoni. Vipimo vyetu vikaharibika wiki nzima.

"Nani anapimanga hizi moli?" Mama Nekesa akauliza.

"Ni mimi, Mama!" nikajibu mbele ya wote, mkebe juu.

Akautazama. "Kijana, kikapu kinachojaa kwa dazeni ya mayai, kesho niletee ndani yake dazeni ya kuku."