Bidoni Iliyofungiwa Chumbani

Nzigire alirudi Rwanda kutoka Bukavu na bidoni moja, dumu la manjano la maji, na hapa Bugarama aliichunga kuliko mlango wake. Ni mtu wa sala, misa ya asubuhi haimpiti, lakini kuamini watu kulimshinda. "Mimi nilikulia kule," alituambia. "Muntu anaweza kukuwekea kitu kwa maji, huku anacheka na weye."

Kwa hiyo hakukaa nasi chemchemini. Sisi akina mama tukifika tunatia mchanga na mawe madogo ndani ya bidoni, tunafunga, tunatikisa ili isuguke kwa ndani, na anayechoka hutikisiwa na mwenzake. Nzigire alisuuza mdomo wa bidoni yake tu, akateka, akaenda.

Siku moja Mirindi, jirani yake, akamwambia, "Maman Nzigire, leta nikutikisie."

"Wacha. Bidoni yangu haina kazi na mikono yako."

"Basi olewa nayo, si inalala chumbani kwako!"

Tulicheka. Nzigire hakucheka.

Nyumbani alichemsha maji kila siku, Mungu ni shahidi, mpaka yatokote. Yakipoa aliyarudisha katika bidoni ileile, akaifungia chumbani, ufunguo shingoni pamoja na rozari.

Basi mjukuu wake Iriza, miaka minne, akaanza kuhara. Alipewa dawa, akapona siku tano, akarudia. Mara ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani. Nzigire alishajua moyoni mwake ni nani aliyemtilia kitu: Mirindi, aliyemshika mtoto shavu siku ya Pasaka.

Aimable, mshauri wetu wa afya, alikuja na chupa ndogo tatu zenye dawa ya kupimia. Maji yenye vijidudu vya tumbo, alisema, yatageuka meusi.

"Nani anajua kama si weye unatia ubaya?"

"Basi teka mwenyewe, Maman."

Akateka mwenyewe: ya chemchemi, ya sufuria yaliyotoka kuchemka, na ya bidoni. Chupa nazo akazifungia. Siku ya tatu, chupa mbili zilikuwa safi. Ya bidoni ilikuwa nyeusi kama makaa.

"Mirindi ameingia kwangu!"

"Ufunguo uko na nani?"

Nzigire akagusa shingo yake.

Aimable akakwangua bidoni kwa ndani na kijiti, kikatoka na utelezi wa kahawia. Akaeleza polepole kwamba vijidudu hujishika kwenye plastiki, vikatoa ute kama wa bamia na kujificha humo. Kusuuza hakuvibandui, joto la huku linavizidisha, na kila maji yakimiminwa vingine huachia na kuingia ndani yake.

"Nani alivileta?"

"Labda kikombe, labda mkono wako. Vilikuja vichache, Maman. Wewe ukaviacha kwa amani."

Nzigire alimtazama sana, akitafuta uongo usoni mwake. Ndani Iriza akalia, "Nyanya, maji!" Bibi akashika bidoni, akaiweka chini, akaenda kuchota ya sufuria.

Asubuhi alifika chemchemini, akatia mchanga na mawe. Alitikisa mpaka bega likakataa. Mirindi akanyoosha mikono. Nzigire aliishikilia kidogo bidoni, kisha akaiachia. Maji ya kwanza yalitoka kama chai.

"Tena," alisema Nzigire. "Na kule kwa pembe."

Tangu mavuno ya mpunga Iriza hajahara. Kila Jumamosi Mirindi anatikisa bidoni, na Nzigire anasimama karibu naye, akiichunguza ile mikono.