Nilipeleka maneno ya baba wa ubatizo wa mwanangu

Admin, nifiche jina, na kijiji usikitaje. Andika Kasulu, inatosha. Mimi ni mama wa miaka 41, nina watoto wanne, napika na kuuza lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wazazi wangu walikuja wakimbizi kutoka Burundi, baadaye wakapewa uraia. Mimi nimezaliwa hapa na kura napigia hapa, lakini nikigombana na mtu hata kwa sababu ya kuku, ananiuliza, "Kwani kwenu wapi?"

Mwaka huu alikuja bwana mmoja, akasema ni mtu wa usalama. Kitambulisho sikuuliza, nani aulize? Akaniambia, "Mama, hapa kwako watu wanaongea sana. Wewe sikiliza tu, utuambie. Yale makaratasi ya uraia ya wazazi wako tusingependa kuanza kuyapekua." Alisema hivyo huku anatabasamu. Kata ya kuchotea pombe ikaniponyoka.

Anayeongea sana kwangu ni Mwalimu, mzee mstaafu aliyemsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo. Anatembea na Katiba kwenye mfuko wa koti. Wiki hiyo alikuwa amesema serikali haina ruhusa ya kusikiliza simu za watu ovyo, na kwamba kuhoji kwenye mkutano wa kijiji ni haki yetu hata mwenyekiti akinuna. Nikaona hayo ni maneno mepesi, wacha nimpe bwana yule aridhike aniache. Ujinga wangu! Mwalimu akaitwa na watu wa bwana yule, akakaa huko siku mbili. Aliporudi, Katiba hana na maneno hana.

Wateja wakaanza kutafuta nani kamchoma kwa wakubwa. Lawama wakamwangushia mzee mmoja Mkongo tunayemwita Papa, anayetoka kambini Nyarugusu na kibali chake kuuza vitenge. "Mkimbizi huyu anajipendekeza kwa wakubwa!" Wakamfukuza na vitenge vyake wakavitupa kwenye tope. Anaapa, "Miye sikusema kitu, bandugu. Mungu anaona." Mimi nilikuwa hapo hapo naosha vibuyu. Nikanyamaza, mimi mtoto wa wakimbizi! Najichukia hadi leo.

Sasa bwana yule amepiga simu tena, anataka jina jingine. Nikikataa, naogopa uraia wa watoto wangu. Nikikubali, nitamuuza nani tena?

Jumapili Mwalimu amekuja, mara ya kwanza tangu aitwe. Kwetu muuza pombe huonja kwanza mbele ya mteja, kuonesha haina sumu. Nikainua kibuyu nionje, akanishika mkono. Akasema mbele ya wote, "Acha, mzazi mwenzangu. Kwako sina shaka." Akanywa.

Ndugu zangu, nimwambie? Nitaanzaje? Nipeni ushauri, matusi nimeshajitukana ya kutosha.