Baba Gokma na Biblia ya Spika

Mume wangu, Baba Gokma, alianza kusoma Biblia kila siku mwaka ule alipofariki mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Msidhani ni msiba uliomgusa. Kilichomgusa ni joho. Joho jeusi la mzee wa kanisa lilibaki halina mwenyewe, na mume wangu alilitazama pale mazishini kama paka anavyotazama samaki juu ya dari.

Hapa Lumban Tonga, juu kwenye milima yenye baridi ya Humbang, mtu akilivaa joho lile hata mbwa wa jirani humpisha njia. Arusini anaketishwa mbele, msibani anaombwa neno. Mume wangu nani alishawahi kumwomba neno? Yeye ni mnunuzi wa kahawa, mchana anazunguka mashambani na mizani, jioni yuko kilabuni kwa tembo, anaimba mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Sauti anayo, sikatai. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa Mchungaji akatangaza kwamba safari hii mtaa umchague mtu anayejulikana kwa kusoma Neno nyumbani kwake kila siku. Nilimwona mume wangu akinyooka kwenye benchi, nikajua tumekwisha.

Kusoma, huyu? Ukitaka kumjua Baba Gokma, fungua Biblia yake. Kurasa za mwanzo ni nyeusi kwa vidole na kahawa, kwa sababu kila mwaka mpya anaanza upya kwa kishindo, anaapa mbele ya watoto, anatuamuru sote tunyamaze. Akifika kwenye vipimo vya mapazia na vikombe vya hema takatifu, nguvu ya soda imekwisha. Kuanzia pale kurasa ni nyeupe pe, nyingine bado zimegandana kwa ile dhahabu ya ukingoni.

Mama yake ndiye aliyekuwa msomaji. Bibi huyu hakuwahi kutangaza kitu. Akishawapa nguruwe viazi vyao alfajiri, ananawa mikono, anajifunga shuka lake la ulos kifuani, anasoma kurasa zake mbili, anafunga kitabu, anakwenda shambani. Maisha yake yote hivyo. Akiugua, alisoma akiwa amelala. Siku ya kumzika mumewe alisoma kwanza, ndipo akalia. Akimaliza kitabu kizima anachinja kuku, tunakula, kesho yake anarudi ukurasa wa kwanza. Tena hakuruka hata mstari. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kusoma, kwa kitabu hicho hicho, amempakata mapajani.

Halafu macho yakamfunga. Ukungu uliingia polepole, mpaka siku moja akawa anapapasa ukurasa kama mtu anayechambua mchele gizani. Alikuwa amefika Wafalme. Mimi nikamwambia, Mama, lete nikusomee. Akanishukuru, akasema hapana, ngoja kidogo, nilimfundisha mwanangu kwa ajili ya siku kama hii. Hiyo ndiyo iliyokuwa tamaa yake pekee duniani: mwanawe amsomee kilichobaki, afike mwisho mara moja tena kabla ya kuondoka. Akamwomba. Baba Gokma akasema kesho, Mama. Kesho yake akasema kesho. Msimu wa kahawa ukaisha, ukaja mwingine, bibi bado yuko na wafalme wale wale.

Ndipo likaja suala la joho, na mume wangu akaenda mjini, akarudi na spika. Spika ya honi, ile ya kutangazia minada. Akaifunga juu ya paa la baraza, mdomo umeelekea barabarani, na alfajiri iliyofuata akaketi na kipaza sauti, akasoma. Kuku walishuka matawini kabla ya wakati. Mtoto wa jirani mwenye homa alilia mpaka jua likawaka.

Mama mkwe wangu alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyoniuma. Aliniomba nimvute mkeka wake mpaka mlangoni, akakaa hapo na ulos yake. Mwanangu ameanza, akaniambia, na ameanzia pale pale nilipoachia. Kweli alianzia pale, maana mimi ndiye niliyemfungulia ukurasa. Yeye hata hakuuliza kwa nini.

Tatizo ni kwamba mwana alikuwa amempa mama yake mgongo. Sauti ilipigwa kwenda barabarani kwa wapita njia. Ndani ilirudi mngurumo tu, kama maji ya mfereji. Bibi akamwomba ageuke, asome bila chombo. Mume wangu akajibu kwamba waya ni mfupi. Waya! Niliukunjua mwenyewe baadaye, ungeweza kufika jikoni na kurudi. Lakini bibi akaridhika, akatega sikio, akaokota alichoweza.

Watu wakaanza kumsifu. Kilabuni walimwita Mzee kabla ya kura. Akaanza kutembea taratibu, mikono nyuma, na kukohoa kabla ya kusema. Mimi nikiomba anichotee maji, ananitazama kana kwamba nimekatiza sala.

Akafika Mambo ya Nyakati. Anayekijua kitabu hicho anajua kinavyoanza: majina. Fulani alimzaa fulani, na fulani akamzaa fulani, ukurasa baada ya ukurasa, majina ya kuvunja ulimi. Nilimwona akifunua mbele kwa kidole, akihesabu, uso umemshuka. Kisha akakohoa, akaruka yote, akatua kwenye vita. Barabarani nani angejua?

Alijua aliyekaa mlangoni. Alipozima chombo, mama yake akamwita.

"Baba Gokma, umewaruka watu."

"Mama, yale ni majina tu."

Majina tu. Mtu wetu sisi kusema hivyo! Sisi ambao mgeni akiingia, kabla ya kupewa maji tunamuuliza ukoo, kizazi, na babu yupi, ndipo tujue kama tumwite kaka au baba mkwe. Sisi ambao nyama ya karamu hugawiwa kwa kuitwa majina, na mume wangu huyu huyu aliwahi kuondoka arusini na kususa sahani kwa sababu mwita majina alimruka babu yake. Kutwa nzima alinuna. Babu yake si jina tu. Babu za wengine ndio majina tu.

Bibi hakugombana naye. Alisema polepole kwamba na wale nao wana wajukuu, na kwamba yeye hajawahi kumruka mtu, hataanza uzeeni. Baba Gokma akaondoka na mizani yake.

Lakini siku ilikuwa inakaribia. Ibada ya mtaa ilikuwa ifanyike kwetu, Mchungaji awepo, na kwa desturi aliyekula chumvi nyingi katika nyumba hutoa neno mwishoni. Neno la mama mkwe wangu lina uzito kijijini. Akisema mwanangu ananisomea, joho limepata mabega. Asiposema, watu wataulizana. Kwa hiyo mume wangu akaja mkekani pake, laini kama tui, akamwomba. Mama akasikiliza, akampa sharti moja.

"Nisomee majina yangu yote, nami nitasema mbele ya watu kwamba unanisomea."

Sharti gani jepesi kuliko hilo? Mtoto wa shule angelimaliza. Alfajiri ya siku ya ibada akakaa barazani. Nikadhani leo atageuka. Wapi, akawasha spika. Alisoma mistari minne, ulimi ukajikwaa, akasikia vijana wanacheka barabarani. Hapo akafanya jambo ambalo sikuwahi kufikiri mtu mzima mwenye mvi anaweza kulifanya. Akaacha kutazama kitabu. Akaanza kutaja majina anayoyajua kwa moyo, yaani ya ukoo wake mwenyewe! Babu wa babu yake akamzaa yule, yule akamzaa huyu, sauti tamu, inateremka, hakwami hata kidogo. Na ukoo wake ulipomwishia, maana si mrefu hivyo, akachota kwa wengine. Akataja walevi wenzake. Akamtaja babu yangu mimi, akamweka mtoto wa mwisho wa babu yake.

Ndoo ya nguruwe ilinitoka mkononi. Jamani, wakwe hawachezewi. Kwetu waliokupa mke ndio baraka yako ya duniani. Unawainamia, unawapelekea samaki, huketi juu yao. Yeye kawazalisha hewani, mbele ya kijiji kizima, kupitia honi ya mnada.

Kaka yangu, Baba Lamhot, alifika kabla uji wa nguruwe haujapoa, bado amejifunga saruni ya kulalia.

"Shemeji, tangu lini babu yangu akazaliwa na babu yako?"

Mume wangu akasema ni Biblia. Kaka yangu akamwomba amwonyeshe kwa kidole mahali ilipoandikwa. Kidole kikatembea ukurasani kwa muda mrefu sana. Ikabidi aombe radhi kwa magoti, na mchana nikapika kambare mkubwa na pilipili ya msituni, tukawapelekea wakwe na wali, huku kilabu kizima kikipiga gumzo. Mimi nilikuwa nimebeba chungu na aibu yangu, nikimchukia, nasema wazi, nikimchukia.

 Nilipomlisha mama mkwe wangu, aliniambia kwamba yale majina hayakuwa ya mle kitabuni. Nikamwambia ndiyo, Mama, hayakuwa. Akatafuna wali wake taratibu mno, machozi yanateremka kwenye yale macho yasiyoona, wala hakuyafuta.

Jioni mtaa ukajaa sebuleni kwetu, mikeka ikagusana. Tuliimba, Mchungaji akahubiri kwa kifupi, chai na ndizi za kukaanga zikapita. Mume wangu alikaa karibu na Mchungaji, shati jeupe, nywele kazipaka mafuta. Hana haya mtu huyu. Bado alitumaini kwamba mama ni mama, hatamwangusha.

Bibi akaomba ainuliwe. Nikamshika kiwiko. Akarekebisha ulos begani, akageuka kuelekea walikokuwa wakipumua watu.

"Mwanangu anasoma," akasema. "Kila alfajiri anasoma, mmemsikia nyote, nami nimemsikia. Namshukuru Mungu kwa sauti aliyompa. Sasa nina ombi kwenu, watu wa mtaa. Macho yamenifunga katikati ya kitabu, na siku zangu si nyingi. Namtafuta mtu wa kunisomea."

Hakuna aliyeshusha kikombe. Mchungaji alitazama mkeka. Wote walielewa, hata wale vijana wa kilabuni. Mume wangu akasimama, uso umemwiva, akasema kwa sauti ambayo safari hii ilikuwa ndogo, Mama, mimi si nipo.

"Keti, baba," akamwambia, kwa upole ule ule aliomfundishia herufi. "Wewe una watu wako wa barabarani. Mimi niko humu ndani."

Akaketi. Sijawahi kumwona mtu anaketi namna ile.

Kura zilipopigwa, joho lilikwenda kwa fundi baiskeli, mtu mkimya ambaye sikujua hata kama ana sauti. Spika ilishushwa siku ile ile. Mbio za sakafuni zilikuwa zimefika ukingoni. Nilingoja nione kama mume wangu ataendelea kusoma bila ya watazamaji. Biblia yake ikarudi juu ya kabati, nayo mizani ikatoka.

Asubuhi baada ya ibada ile mama mkwe wangu aliniita, akanipa kitabu chake kwa mikono miwili. Mimi si msomaji. Shule niliacha mapema, na majina yale niliyasoma kwa kukokota, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Bibi hakuniharakisha. Kila jina nililolitaja, alitikisa kichwa kidogo, kama anavyoitikia salamu za mtu anayepita.

Katikati ya majina nikahisi kuna mtu nyuma ya ukuta wa mbao, upande wa jikoni. Baba Gokma alikuwa amesimama pale na kikombe cha kahawa, hanywi, kichwa kaegemeza ukutani, anasikiliza. Mama yake naye alimsikia, maana asiyeona husikia pumzi za mwanawe. Akautandaza mkono mkekani pembeni yake, mahali pa mtu kuketi.

Nikasoma jina lililofuata. Pale mkekani hapakuketi mtu.